Pembe ya Uzi: Tafakari Kuhusu Bomba la Kaboni

Mhandisi anayeagiza bomba la chuma au la alumini hununua kitu ambacho sifa zake zilikwisha kukamilika kabla bomba lenyewe halijakuwapo, kwa kuwa nguvu ya metali imo ndani ya metali na haiulizi mzigo utatoka upande gani. Bomba la nyuzi za kaboni ni jambo la namna nyingine, maana hapo nyenzo na umbo huzaliwa pamoja, juu ya mashine ileile na katika saa zilezile, na tabia ya kile kinachotoka tanurini hutegemea pembe ambazo nyuzi zililazwa kama inavyotegemea nyuzi zenyewe. Mafundi wawili waliopewa uzi uleule, gundi ileile na uzito uleule wanaweza kutengeneza mabomba mawili yenye kipenyo kimoja na unene mmoja, yasiyotofautishika kwa macho, ilhali la kwanza likawa kakamavu mara saba kuliko la pili linapopindwa, na la pili likawa kakamavu mara saba kuliko la kwanza linaposokotwa. Tofauti kubwa kiasi hicho, isiyoongeza wala kupunguza hata gramu moja ya malighafi, inastahili kutafakariwa, kwa sababu inaliweka wazi swali ambalo ufundi wa metali umeliacha lilale kwa muda mrefu: je, mtengenezaji anapaswa kujua nini kuhusu mustakabali wa kitu kabla hajakitengeneza?

Uzi wa kaboni wenyewe ni tunda la mwelekeo. Malighafi yake ya kawaida ni poliakrilonitrili, plastiki iliyo katika ukoo mmoja na nyuzi za akriliki zinazofumiwa sweta na mablanketi. Nyuzi hizo hupashwa moto kwanza hewani, kati ya digrii 200 na 300 za Selsiasi, huku zikiwa zimekazwa ili zisijikunje, kisha huingizwa katika tanuri lisilo na oksijeni lenye joto la zaidi ya digrii 1,000, ambamo karibu nusu ya uzito wao hutoka kama gesi na kinachobaki huwa takriban kaboni tupu. Ule mkazo wa mwanzo ndio unaoyafanya matabaka membamba ya kaboni yajipange sambamba na urefu wa uzi, na mpangilio huo ndio chanzo cha nguvu yote inayofuata. Uzi unaopatikana una kipenyo cha mikromita 5 hadi 7, yaani chini ya sehemu ya kumi ya unywele wa binadamu, na ili uweze kushikika hukusanywa katika mafungu ambayo mara nyingi huwa na nyuzi 12,000 kila moja.

Historia ya uzi huo imejaa watu waliotafuta kitu kimoja na kukuta kingine. Thomas Edison alichoma pamba na mianzi kati ya 1879 na 1880 ili apate kaboni ya kung'aa ndani ya taa, bila kujali kama kaboni hiyo ingebeba chochote zaidi ya mkondo wa umeme. Mwaka 1958 Roger Bacon, mwanafizikia wa kampuni ya Union Carbide katika jimbo la Ohio, aligundua vijiti vidogo vya grafiti vyenye nguvu isiyowahi kupimwa katika kitu chochote cha ukubwa ule. Akio Shindo wa Osaka, Japani, alionyesha mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwamba poliakrilonitrili ingeweza kuwa malighafi nzuri ya uzi huo, na muda mfupi baadaye watafiti wa Farnborough, Uingereza, wakiongozwa na William Watt, wakaonyesha jinsi ya kuukaza unapochomwa ili nguvu yake ipatikane kwa uhakika. Mwaka 1971 kampuni ya Toray ya Japani ilianza kuuza uzi uliopewa jina la T300, ambao hadi leo hutumiwa kama kipimo cha kulinganishia nyuzi nyingine.

Hata hivyo uzi peke yake haujengi kitu, kwa kuwa una nguvu unapovutwa tu na hujikunja mara unaposukumwa. Ndiyo maana hulowekwa katika resini, ambayo ni gundi ya majimaji inayogeuka kuwa yabisi kwa joto, na kwa kawaida huwa epoksi. Muungano huo huitwa nyenzo mseto, yaani nyenzo iliyoundwa kwa vitu viwili ambavyo kila kimoja hubaki na tabia yake huku kikimfaa mwenziwe: uzi hubeba mzigo, nayo resini huushikilia uzi mahali pake, hupokeza mzigo kutoka uzi hadi uzi, na kuuzuia usijikunje. Kila aliyewahi kupasua kuni anaifahamu tabia inayotokana na muungano huo, kwamba shoka moja huupasua mti upande wa nyuzi zake kwa pigo moja, na kuukata upande wa kukingama huhitaji mapigo mengi. Tofauti ni ya kiwango tu. Katika tabaka la kaboni ambalo asilimia 60 ya ujazo wake ni nyuzi zilizolala upande mmoja, ukakamavu, yaani ukinzani wa kitu dhidi ya kurefuka au kufupika kinapobebeshwa mzigo, hufikia takriban gigapaskali 135 kwa urefu wa nyuzi na takriban gigapaskali 10 tu kwa kuzikingama. Kwa kulinganisha, chuma kina takriban 200 na alumini 70, kila upande sawa. Lakini tabaka hilo la kaboni lina uzito wa gramu 1.55 hivi kwa kila sentimita ya ujazo, wakati alumini ina 2.7 na chuma karibu 7.85, na katika ulinganisho huo wa ukakamavu kwa uzito ndimo sifa zote za kaboni zilimojengwa.

Tabaka linapogeuzwa kidogo tu kutoka upande wa mzigo, hesabu hubadilika kwa kasi inayowashangaza wanafunzi wengi. Likivutwa kwa pembe ya digrii 10 kutoka kwenye nyuzi zake, ukakamavu hushuka kutoka 135 hadi karibu 78. Kwa digrii 30 hubaki 21 hivi, na kwa digrii 45 huwa 13, kiasi ambacho hata mbao nzuri hukifikia. Kushuka huko husababishwa na resini, kwa sababu kila pembe inayoongezeka huhamisha sehemu ya kazi kutoka kwa uzi na kuipeleka kwa gundi, ambayo ukakamavu wake hauzidi gigapaskali 3 hivi. Fundi anayelaza tabaka ovyo hapotezi sehemu ndogo ya nguvu aliyoinunua. Hupoteza karibu nusu yake kwa kosa ambalo jicho lisilozoea halilioni.

Umbo la bomba linaifanya pembe kuwa lugha iliyo wazi zaidi kuliko katika umbo jingine lolote, kwa kuwa bomba hukutana na mizigo michache iliyo rahisi kutajwa, na kila mmoja una pembe yake. Bomba linalovutwa au kupindwa huhitaji nyuzi zinazokwenda sambamba na mhimili wake, yaani digrii 0. Linalosokotwa, kama mhimili unaopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu, huhitaji nyuzi za digrii 45 pande zote mbili, kwa sababu msokoto ukichunguzwa huonekana kuwa ni mvuto katika ulalo mmoja na mgandamizo katika ulalo unaoukata. Linalobanwa kutoka nje, au linalopindwa hadi duara lake lianze kubonyea na kuwa yai, huhitaji nyuzi zinazolizunguka kama pete kwa digrii 90. Linalojazwa gesi au maji yenye shinikizo lina hesabu yenye uzuri wa pekee: katika silinda nyembamba iliyozibwa ncha zote mbili, mkazo unaotaka kuipasua kwa mzunguko ni mara mbili ya ule unaotaka kuirefusha, na ikiwa nyuzi peke yake zitabeba mizigo yote miwili, pembe inayoisawazisha ni ile ambayo mraba wa tanjenti yake ni 2, yaani digrii 54.7 kutoka kwenye mhimili.

Pembe hiyo ilikuwa ikifanya kazi kabla ya wahandisi kuwapo. Wanabiolojia R. B. Clark na J. B. Cowey walionyesha mwaka 1958 kwamba minyoo fulani iliyofungwa mwili mzima kwa nyuzi za ond zinazopishana hufikia ujazo wake mkubwa kabisa nyuzi hizo zinapokuwa kwenye pembe hiyohiyo, na kwamba uwezo wao wa kujirefusha na kujifupisha hutegemea umbali wao kutoka kwayo. Mpira uliozungushiwa nyuzi kwa pembe ndogo kuliko hiyo hunenepa na kufupika unapojazwa hewa, na ukizungushiwa kwa pembe kubwa zaidi hurefuka; kwa njia hiyo pembe peke yake huamua kama shinikizo litakuwa mkono unaovuta au unaosukuma.

Kutoka katika hesabu hadi katika karakana kuna njia kuu tatu, na kila moja ina uhuru wake na vikwazo vyake. Ya kwanza ni kuviringisha vipande vya kitambaa kilichokwisha kulowekwa resini, ambavyo hukatwa kwa pembe iliyokusudiwa na kuviringishwa kimoja baada ya kingine juu ya mandreli, ambayo ni fimbo laini ya chuma au alumini inayolipa bomba umbo lake la ndani. Juu yake hufungwa utepe wa plastiki unaosinyaa kwa joto na kuyabana matabaka, kisha vyote huingizwa tanurini, mara nyingi kati ya digrii 120 na 180. Baada ya kupoa, kazi ya kuitoa mandreli husaidiwa na fizikia: alumini husinyaa sana inapopoa ilhali kaboni husinyaa kidogo mno, hivyo mandreli ya alumini yenye kipenyo cha milimita 30 ikipoa kwa digrii 100 hupungua kwa takriban milimita 0.07, na mwanya huo mwembamba ndio unaoruhusu bomba kuchomolewa. Vijiti vya gofu na fimbo nyingi za kuvulia samaki hutengenezwa kwa njia hii, kwa sababu humruhusu fundi kuongeza kipande kifupi mahali hasa panapohitaji nguvu na kukiacha mahali pasipohitaji.

Njia ya pili ni kuzungusha mandreli kama mashine ya kukerezea huku kichwa kinachogawa uzi kikienda na kurudi sambamba nayo. Hapa pembe si kitu kinachopimwa kwa rula. Ni uwiano wa kasi mbili. Kwa bomba la kipenyo cha milimita 50, ambalo mzingo wake ni milimita 157, kichwa kikisogea milimita 157 kwa kila mzunguko, uzi hulala kwa digrii 45. Kikisogea 111 hulala kwa 54.7; kikisogea karibu 890 hulala kwa digrii 10; na kikisogea kiasi cha upana wa fungu la uzi peke yake, matokeo huwa pete. Lakini kadiri pembe inavyokaribia sifuri ndivyo uzi unavyokosa sababu ya kubaki mahali pake, kwa kuwa uzi uliokazwa hushikwa na mpindo wa uso ulio chini yake, nao uzi unaokwenda moja kwa moja hauna mpindo wa kuushika na huteleza kwenye ncha za mandreli pasipokuwa na pini za kuuzuia. Ndiyo maana mabomba mengi ya njia hii hayana digrii 0 ya kweli, na mhandisi hukubali digrii 8 au 10 badala yake.

Umbo nalo lina sauti yake. Mwanahisabati Mfaransa Alexis Clairaut, aliyeishi katika karne ya 18, alionyesha kwamba mstari mfupi kabisa juu ya uso wa mviringo hufuata sharti moja: nusu kipenyo mahali popote, kikizidishwa kwa sini ya pembe ya mstari na mhimili, hutoa jibu lilelile. Uzi uliokazwa hutaka kufuata mstari huo, maana njia nyingine yoyote huuvuta upande hadi uteleze. Kwa bomba lenye kipenyo kisichobadilika pembe hubaki moja, lakini kwa bomba linalopungua kuelekea ncha pembe hulazimika kukua, hata kama mzigo ungetaka ipungue. Msuguano na unata wa resini humruhusu fundi kupotoka kidogo kutoka katika njia hiyo, na ndani ya uhuru huo mdogo ndimo ubunifu mwingi wa kazi hii unamofanyika.

Njia ya tatu ni kusuka, ambapo mabobini mengi hulizunguka bomba kwa makundi mawili yanayokwenda pande zinazopingana na kupishana juu na chini. Kusuka huleta kasi, hufuata maumbo yaliyopinda, na hulipa bomba uwezo wa kustahimili kupigwa, kwa kuwa ufa unaoanza hukutana na fundo baada ya fundo. Gharama yake ni kwamba uzi unaopanda na kushuka haujanyooka tena, na uzi usionyooka ni dhaifu unapogandamizwa.

Katika njia zote hizo kuna kanuni moja isiyovunjwa bila sababu: kila tabaka lililoelekea kulia hupewa mwenzake aliyeelekea kushoto kwa pembe hiyohiyo. Bomba lililozungushiwa upande mmoja tu hujisokota linapovutwa, kwa sababu nyuzi zake hutafuta kujinyoosha kuelekea kwenye mhimili na hakuna wa kuzipinga. Matabaka mawili yanayopingana huzuiana kujisokota, na kuzuiana huko huzaa ukakamavu ambao hakuna tabaka moja linalouweza: lile tabaka la digrii 10 lililoshuka hadi 78 likiwa peke yake hubaki karibu 125 linapofungwa na mwenzake. Wakati mwingine, hata hivyo, kutokuwa na mizani ndiko kunakotakiwa. Mabawa ya ndege ya majaribio ya Marekani iitwayo X-29, iliyoruka kwa mara ya kwanza mwishoni mwa 1984, yalielekea mbele badala ya nyuma, na umbo hilo lina hatari kwamba bawa linapopinda kwenda juu hujisokota na kuzidi kuchukuliwa na hewa hadi livunjike. Matabaka ya kaboni yalilazwa kwa upendeleo wa makusudi ili kupinda kwa bawa kulete msokoto wa upande wa pili, na hatari ikadhibitiwa bila kuongeza uzito mkubwa. Vilevile uzi wa kaboni husinyaa kidogo sana kwa urefu wake unapopashwa joto, ilhali resini hutanuka, na mpangaji wa pembe anaweza kuzilinganisha tabia hizo mbili mpaka bomba lisibadilike urefu kabisa; kiunzi kinachotenganisha vioo viwili vya Darubini ya Hubble, iliyorushwa mwaka 1990, kiliundwa kwa mabomba ya kaboni na epoksi kwa sababu hiyo.

Mifano hiyo huonyesha faida ya kujua. Upo pia mfano unaoonyesha bei ya kutojua, na unaweza kusomwa katika tarakimu. Mhandisi asiyekuwa na hakika mzigo utatoka wapi ana njia ya busara ya kujilinda: hulaza matabaka kwa usawa kwenye digrii 0, 45 za pande mbili, na 90, ili bomba liwe na ukakamavu uleule kila upande wa ukuta wake. Ukakamavu huo wa usawa huwa gigapaskali 52 hivi, yaani chini ya ule wa alumini. Kaboni bado hushinda kwa uzito, lakini ushindi wenyewe ni wa theluthi moja hivi, ilhali tabaka lililoelekezwa sawasawa na mzigo wake huishinda alumini zaidi ya mara tatu. Katika karakana za ndege wapo wanaouita mpangilio wa namna hiyo alumini nyeusi, kwa dhihaka kidogo. Ukweli ulio ndani ya dhihaka hiyo ni kwamba sehemu kubwa ya kile kinachodhaniwa kuwa nguvu ya kaboni ni maarifa yaliyogeuzwa kuwa kitu: ni ujuzi wa mzigo, uliochukuliwa kutoka katika karatasi ya hesabu na kugandishwa ndani ya ukuta wa bomba. Asiye na ujuzi huo hununua uzi uleule kwa bei ileile na kuondoka na sehemu ndogo ya thamani yake.

Mimea nayo hupanga nyuzi kwa pembe, na kuna tofauti moja inayofundisha. Ukuta wa seli ya mti una nyuzi ndogo za selulosi zilizozungushwa kwa ond, na katika miti mingi ya jamii ya misonobari pembe ya ond hiyo huwa kubwa mti ukiwa mchanga, hivyo mche huweza kuinamia upepo bila kuvunjika. Mti unapokomaa, mbao mpya hutengenezwa kwa pembe ndogo na shina huwa kakamavu. Mnazi wa pwani hufanya jambo linalokaribiana na hilo kwa njia nyingine, kwa kukusanya nyuzi zake nyingi karibu na ukingo wa shina na kuuacha moyo ukiwa mwepesi, yaani kwa kujijenga kama bomba. Mti hauhitaji kujua mzigo mapema, kwa kuwa hukua huku mzigo ukiufikia na kila mwaka huandika upya hesabu yake. Bomba la epoksi haliwezi kufanya hivyo. Resini inapokwisha kukauka, mabadiliko yake ya kikemia hayarudi nyuma, na kila pembe iliyomo hubaki kuwa utabiri uliotolewa siku moja na kutegemewa kwa miaka yote itakayofuata.

Utabiri huo unaweza kukosea kwa namna mbili. Ya kwanza ni mzigo kutoka upande usiotarajiwa. Mwishoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya Rolls-Royce iliunda mapanga ya kaboni kwa ajili ya feni ya injini ya RB211, mepesi na yenye nguvu kubwa dhidi ya mvuto wa mzunguko ambao ndio mzigo wake mkuu, lakini yakashindwa jaribio la kupigwa na ndege wa angani aliyemezwa na injini, pigo ambalo halifuati mhimili wowote. Kampuni ilirudi kwenye titani, na gharama za jumla za kuiendeleza injini hiyo zilichangia kuifilisi mwezi Februari 1971. Baiskeli hutoa funzo hilo kwa kiwango kidogo. Greg LeMond alishinda Tour de France ya 1986 akiendesha fremu iliyojengwa kwa mabomba ya kaboni, na tangu hapo nyenzo hiyo imetawala mashindano. Lakini bomba la fremu linalovumilia miaka mingi ya kupandwa milimani linaweza kupasuka kwa sababu lilibanwa na kibano cha kuegeshea, maana hakuna aliyelaza nyuzi za kutosha kwa ajili ya kibano.

Namna ya pili ni nyuzi kutokuwa pale zinapodhaniwa kuwa. Kasoro hiyo huwa nzito zaidi mahali pa mgandamizo, ambapo uzi hutegemea kunyooka kwake kuliko nguvu zake: ukiwa umepinda kwa digrii mbili au tatu tu, mgandamizo huukunja zaidi, resini iliyo kando yake huchoka, na mkunjo husambaa kwa nyuzi jirani kama ufa. Tarehe 18 Juni 2023 nyambizi ya Titan, iliyokuwa ikiteremka kuelekea mabaki ya Titanic kwenye kina cha takriban meta 3,800, ilisagwa na shinikizo la bahari na watu watano waliokuwamo wakafa. Mwili wake ulikuwa silinda ya kaboni yenye unene wa takriban milimita 127, na katika ushahidi uliotolewa mwaka 2024 mbele ya Walinzi wa Pwani wa Marekani, wachunguzi walieleza kuwa mabaki yake yalionyesha mikunjo ya nyuzi, vitundu vya hewa na nafasi tupu kati ya matabaka. Sababu za maafa hayo ni nyingi kuliko nyuzi, zikiwamo za usimamizi na za kupuuza ukaguzi, lakini mazingira yenyewe yaliiweka nyenzo mahali inapodai unyofu mwingi kuliko popote: silinda inayobanwa kutoka nje, mzunguko wake ukibeba mkazo mara mbili ya urefu wake, na kila uzi uliopinda ukiwa mwaliko wa mkunjo.

Kasoro kama hizo huwa ngumu kuzuia kwa sababu bomba lililokamilika halisemi lilivyo ndani. Ule ufumaji mzuri wa miraba unaoonekana juu ya mabomba mengi, unaowafanya wanunuzi waamini kuwa wameiona kaboni, mara nyingi ni tabaka moja jembamba lililowekwa kwa ajili ya macho, na pembe zinazobeba mzigo ziko chini yake. Vipimo vya mawimbi ya sauti na miale ya eksirei vinaweza kuonyesha nafasi tupu na nyufa, lakini chanzo cha kwanza cha ukweli ni karatasi ya mpangilio inayotaja kila tabaka, pembe yake, unene wake na mahali linapoanzia na kuishia, pamoja na uaminifu wa mtu aliyelilaza. Mafundi wanaohudumia ndege za Boeing 787, ambazo Kenya Airways ilianza kuzipokea mwaka 2014 na Air Tanzania mwaka 2018, huishi na hali hiyo kila siku. Sehemu za kiwiliwili cha ndege hiyo ni mabomba makubwa yaliyotengenezwa kwa mashine zinazolaza mikanda ya nyuzi juu ya mandreli inayozunguka, na anayekarabati jeraha dogo la ukuta wake analazimika kurudisha kila tabaka kwa pembe liliyokuwa nayo, kwa kuufuata mwongozo, kwa sababu kiraka chenye unene sahihi na pembe zisizo sahihi hupitisha mzigo mahali usipokusudiwa.

Tangu M. W. Hyer na R. F. Charette walipochapisha mwaka 1991 pendekezo la kuziacha nyuzi zipinde ndani ya tabaka moja, watafiti wamekuwa wakiondoka katika desturi ya pembe chache zilizonyooka na kuelekea kwenye nyuzi zinazobadili mwelekeo hatua kwa hatua, ili pembe ya upande wa bomba unaogandamizwa iwe tofauti na ile ya upande unaovutwa. Mashine zinaweza kufanya hivyo, ingawa mkanda ukipindishwa kwa mduara mdogo mno hujikunja ukingoni. Maendeleo hayo yanapanua uwezo wa kutumia maarifa, na kwa kipimo hichohicho yanapanua hasara ya kukosea, kwa kuwa kadiri bomba linavyolingana kikamilifu na mzigo uliotabiriwa ndivyo linavyobakiwa na akiba ndogo kwa ajili ya mzigo ambao haukutabiriwa.

Kwa hiyo swali linaloulizwa mara nyingi, kama kaboni ina nguvu kuliko chuma, halina jibu mpaka litajwe jambo la tatu, ambalo ni kiasi cha kujulikana kwa mzigo. Mahali mzigo unapojulikana, unapopimika na unapoweza kufuatiliwa, kama katika chombo cha anga au mhimili wa mashine, bomba la nyuzi zilizopangwa vema halina mshindani. Mahali matumizi yanapobadilika kila siku, pasipo kumbukumbu za aliyelitengeneza bomba wala chombo cha kulikagua, chuma kina fadhila ambayo hesabu za uzito haziioni: hupinda kabla ya kuvunjika, huonyesha jeraha lake, na humpa mtumiaji nafasi ya kukosea ambayo hakuna aliyemkadiria. Mhandisi anayechagua chuma hapo hajashindwa na teknolojia mpya. Ameyapima maarifa yake kwa uaminifu, akaona hayatoshi kuamua pembe.